Kijaluba cha Mar Pithyon

Katika kanisa letu la Mar Pithyon mashemasi husimama makundi mawili, moja kulia na jingine kushoto, na zaburi hupita kati yao kama maji yanayomiminwa kutoka bakuli hadi bakuli. Wa kulia husema, wa kushoto huitikia. Tangu Zaya Odisho aondoke, upande wa kushoto huitikia kwa sauti iliyopwaya. Hakuna aliyesogea kuijaza nafasi yake. Wanasimama kama alivyowaacha, na pengo la upana wa mabega ya mtu mmoja katikati yao, hata mgeni akiingia hudhani kuna anayesubiriwa.

Zaya hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Alikuwa ndiye mwenye jenereta ya kijiji chetu, Be-Gawza, juu ya bonde la Nahla. Umeme wa serikali ukikatika, na hukatika bila kuaga, watu walisikia mngurumo kutoka kwenye kibanda chake karibu na mti wa kwanza wa jozi mtu akiingia kijijini, taa zikarudi, na mtu mahali fulani akasema, "Mungu ambariki Zaya," kwa sauti ileile ya kumtakia afya mtu aliyepiga chafya. Jumapili alivaa joho jeupe la ushemasi juu ya mikono ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Wazee walimtania kwamba ananukia ubani na dizeli, na kwamba Bwana siku ya mwisho atalazimika kuchagua kimoja.

Lakini ndani ya kile kibanda, nyuma ya mlango alioupigilia magodoro mabovu ili kupunguza kelele, kulikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta hiyo Zaya alikuwa mtu mwingine. Aliandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuihariri na hakuna anayelipwa. Aliandika kuhusu makanisa yetu ya milimani yaliyoangukiwa na mapaa, kuhusu vijiji ambavyo leo ni majina tu midomoni mwa wajukuu walioko Sweden na Australia, kuhusu maaskofu ambao kilichobaki kwao ni kaburi lenye maandishi nusu. Walikuwa wachache wanaofanya kazi hiyo, Waashuri wa huku na kule, hawajawahi kuonana, wakirekebishana tarehe kama majirani wanaoazimana chumvi. Kulikuwa na mtu wa Ujerumani aliyebishana naye karibu masika yote kuhusu kengele ya monasteri moja. Walipokubaliana, yule bwana alimtumia picha za harusi ya binti yake.

Kijijini tulimwita Rabi Dizeli. Rabi ndivyo tunavyowaita walimu. Alikasirika kidogo, akafurahi zaidi.

Mama yake, Shushan, aliyekuwa mjane na aliyekuwa akiishi naye, hakufurahi. "Umewaandika maaskofu wote waliokufa," alimwambia siku moja mbele ya wanawake waliokuja kuoka mkate kwenye tanuri lake, "na bado hujapata msichana mmoja aliye hai."

"Natafuta chanzo cha kuaminika, mama," Zaya alijibu.

Wanawake walicheka mpaka unga ukawaingia puani. Asmar alicheka kuliko wote. Asmar ndiye aliyekaa karibu na Shushan siku zote, kwenye tanuri na kanisani pia, benchi la tatu upande wa wanawake, bega kwa bega. Alikuwa amemzidi Shushan kwa miaka kumi na zaidi, mjane kama yeye, mwanamke mwembamba mwenye meno mazuri ambayo alijivunia kuliko kitu chochote alichomiliki. Na alikuwa, hapa Be-Gawza, mtu mkubwa. Hakuna mtoto aliyekua bila kusimuliwa jinsi Asmar alivyoiokoa Malka.

Malka ni chachu takatifu. Ni kavu, nyeupe, mtu asiyejua angesema ni unga wa kawaida. Kasisi hutia chembe yake katika kila mkate wa madhabahu, na kila Alhamisi Kuu, kabla haijaisha, huongezewa unga mpya, chumvi na mafuta ya zeituni, ili ya kale iishi ndani ya mpya. Hivyo imepokezwa, tunaamini, mkono kwa mkono tangu mitume, bila kukatika. Ile ya kanisa letu ilishuka na mababu kutoka milima ya Hakkari. Makanisa mengine bondeni yalipoteza yao na kuomba kwa jirani. Yetu haikuwahi kuombwa popote. Tulikuwa maskini katika mambo yote, ila katika hilo tulitembea vifua mbele.

Mwaka ule majeshi ya serikali yalipokuja kuvibomoa vijiji, watu wakakimbilia mpaka wa Uturuki kwa miguu, kasisi alikuwa mgonjwa mjini. Mume wa Asmar, aliyekuwa mtunza kanisa, aliitoa Malka patakatifuni ndani ya kijaluba cha shaba na kumkabidhi mkewe, kwa kuwa wanaume walikuwa wakipekuliwa. Baadaye yeye mwenyewe aliuamini msamaha uliotangazwa redioni, akarudi, na hajaonekana tena. Asmar aliendelea na kijaluba kifuani. Miaka ilipopita na watu kurudi kujenga juu ya mawe ya nyumba zao, alimkabidhi kasisi mpya kijaluba hicho, kimejaa. Kasisi Daryawush alilia. Na sisi tumebatiza, tumeoa na tumezika kwa kijaluba hicho tangu siku ile.

Ndiyo hadithi ambayo Zaya aliitaka iandikwe.

Ukurasa wa Mar Pithyon aliuanzisha mwenyewe, na aliupenda kama mtu anavyopenda mwanawe asiye na sura nzuri. Ulikuwa mfupi: kipimo cha kuta, jina la mlima, mwaka wa kujengwa upya. Kisha mtu ambaye hajulikani aliko wala jina lake aliweka tangazo juu yake. Kanisa dogo la kijiji, aliandika. Hakuna umuhimu uliothibitishwa. Hakuna vyanzo huru. Napendekeza ukurasa ufutwe. Na wahariri wengine walialikwa kutoa maoni yao kwa muda wa wiki moja.

Zaya alimpigia simu Ramina. Huyu alikuwa mwenzao aliyeko Sydney, mwalimu wa shule, mtu wa kwanza aliyemfundisha kuhariri. Waliitana kaka na dada ingawa hawakuwa wamewahi kuketi meza moja.

"Wanataka kulifuta kanisa langu," alisema.

"Wanafuta ukurasa, kaka. Kanisa liko palepale."

"Serikali ilishalifuta mara moja kwa baruti. Sasa hawa kwa kidole."

"Hawana ubaya. Wanataka chanzo tu. Ukiwaambia bibi yangu kasema, watakuuliza bibi yako kachapishwa wapi." Ramina alicheka, kisha akafikiri. "Sikiliza. Nina rafiki anayehariri jarida la jumuiya yetu hapa. Ni jarida halisi, linachapishwa, lina mhariri na namba. Mhoji yule mama wa Malka. Andika vizuri, picha mbili, wao wachapishe. Wewe ulitaje jarida. Hapo mtu atasema nini?"

Alasiri ileile Zaya alipanda hadi nyumbani kwa Asmar na simu yake ikiwa imejaa chaji.

Alimkuta akichambua mboga za kondeni kwa ajili ya supu ya mtindi. Asmar alimpa chai, akampa biskuti za tende, akamuuliza kwa nini umeme unapungua nguvu saa ya kuangalia tamthilia. Zaya aliweka simu juu ya meza na kuiwasha irekodi.

"Hicho kinasikia?" Asmar aliuliza.

"Kinasikia, Shangazi. Na kitabaki. Mimi na wewe tukishaondoka, mtu wa miaka mia ijayo atajua Malka ya Mar Pithyon ilivukaje mlima."

Asmar aliendelea kuchambua. Mboga zilijaa bakuli, zikaanza kumwagika pembeni, naye hakuziona.

"Mtu wa miaka mia ijayo," alisema.

"Ndiyo."

"Watoto nimewadanganya, kwa sababu watoto hulala. Kasisi nimemdanganya kwa sababu alikuwa analia. Huyo wa miaka mia sijui nimdanganye kwa sababu gani."

Kisha alimweleza. Kule juu ya njia, siku ambayo kila aliyekuwa na chakula alikuwa amekimaliza, palikuwa na mtoto mchanga ambaye maziwa ya mama yake yalikauka. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na kuacha kwake kulia kulitisha kuliko kilio. Asmar alikaa na kijaluba kifuani akihesabu dhambi. Halafu alikwenda kwenye kijito, akaimimina Malka kiganjani, yote, akaikoroga na maji kwa kidole, akamlisha mtoto kidogokidogo mpaka kiganja kikawa safi. Aliporudi kijijini miaka baadaye na kuona kasisi mpya amesimama katika kanisa lisilo na paa akisubiri, alichanganya unga, chumvi na mafuta kama alivyowaona wakichanganya. Akajaza kijaluba.

"Mtoto alipona?" Zaya aliuliza.

"Alilala usiku ule. Alifia kwenye mahema, ng'ambo."

Zaya hakuuliza alikuwa mtoto wa nani. Wanaomtetea husema alishikwa na huruma. Yeye mwenyewe alikuja kusema, baadaye, kwamba hakuuliza kwa sababu alikuwa tayari anaandika kichwani mwake.

"Sasa umesikia," Asmar alisema. "Andika. Lakini subiri nife kwanza. Mimi na mtu mmoja mwingine. Tukishafunikwa sote wawili, mpe huyo wako wa miaka mia."

"Nakuahidi, Shangazi."

"Apa."

Aliapa kwa Mar Pithyon, mtakatifu wetu, mkono juu ya kifua, ule mkono wenye dizeli kwenye kucha. Asmar akaridhika, akamfungia biskuti amchukulie mama yake.

Kwa siku chache aliishika ahadi. Aliutazama ukurasa wake ukipigiwa kura na watu wa mbali. Futa, aliandika mmoja. Futa, akaandika mwingine, na akaongeza kwamba hana neno na Waashuri. Mtu wa Ujerumani aliandika ubaki, lakini alikuwa peke yake. Ramina alipiga simu: jarida liko karibu kwenda mtamboni, makala iko wapi?

"Yule mama hajanipa ninachoweza kutumia," Zaya alisema.

"Hajui?"

"Anajua kupita kiasi."

Mtu akiwa na jambo kinywani na akasema hivyo, jambo limeshatoka nusu. Ramina aliuliza, naye akamweleza. Ramina akasema kwamba hii ni kubwa kuliko hadithi ya mwanzo, kwamba hakuna mtu duniani atakayesoma habari ya mwanamke na kiganja kile halafu aseme kanisa hili halina umuhimu. Na jina si lazima litajwe. Mjane mmoja, tutaandika. Nani asomaye jarida letu huko mlimani kwenu?

Zaya alijiambia mambo matatu au manne, kama mtu anayeweka mawe chini ya gurudumu la gari mlimani. Kwamba jina halipo. Kwamba ukweli ni heshima. Kwamba Asmar angefurahi kama angeelewa. Aliituma makala. Jarida lilitoka. Aliuongezea ukurasa sentensi mbili na rejea yake chini, ikiwa na namba ya toleo na ukurasa, na kabla ya wiki kuisha kura zilianza kugeuka. Ubaki. Ubaki. Ushuhuda wa kipekee, aliandika yuleyule aliyependekeza ufutwe. Tangazo likaondolewa. Zaya alizima kompyuta, akatoka nje, akanunua soda akanywa amesimama, na alikuwa na furaha. Baadaye hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi ya yote, kwamba alikuwa na furaha.

Ni sisi tu tungeweza kufanya kosa la aina hiyo: kuamini kwamba Sydney ni mbali. Kila nyumba ya Be-Gawza ina mtu Sydney, au Detroit, au Södertälje, na mtu huyo hana kazi nyingine jioni isipokuwa kupiga simu nyumbani. Mjane mmoja. Kulikuwa na mjane mmoja tu aliyebeba kijaluba. Kabla ya jarida kukauka wino, binti wa fundi Warda alikuwa amempigia mama yake, na mama yake hakuzaliwa na breki.

Kwenye tanuri siku ile mazungumzo yalikwenda hivi.

"Kwa hiyo mume wangu nimemzika na nini mdomoni?"

"Unga. Unga wa dukani, dada."

"Na watoto wangu wanne?"

"Wako wamekomunika kitumbua."

"Usicheke. Hilo si la kucheka."

"Sicheki. Nikiacha kucheka nitakwenda kumpiga."

Shushan alikuwa amekaa na donge la unga mapajani. Mkate uliokuwa ndani uliungua mpaka moshi ukatoka, na ulikuwa wake.

Kasisi Daryawush aliteremka kwa askofu mjini. Alirudi Jumamosi akiwa na Malka mpya ndani ya kitambaa cha kitani, na maneno ya askofu ambayo aliyasema polepole kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe: kwamba Mungu hakuwaacha watu wake kwa sababu ya njaa ya mtoto, kwamba waliopokea kwa imani wamepokea, kwamba hakuna ubatizo utakaorudiwa na hakuna kaburi litakalofunguliwa. Watu walisikia. Wengine walitulia. Lakini mwanamume mmoja nyuma alisema, si kwa sauti ya chini, "Sasa tumekuwa kama wengine. Tumeomba kwa jirani."

Jumapili Asmar alikuja. Alivaa kitambaa chake cheusi chenye pindo, akaketi benchi la tatu mahali pake, na Shushan alikuwa tayari ameketi pake. Zaya aliwaona kutoka mbele, mabega yale mawili, akafikiri: angalau mama.

Katika misa yetu, kabla ya mkate kuwekwa wakfu, amani hutolewa kwa mikono. Kasisi humpa shemasi, shemasi huwashukia watu, na kila mmoja huipokea kwa jirani kwa mikono miwili kisha hugusisha vidole vyake midomoni. Hupita benchi kwa benchi, mkono kwa mkono, mpaka mtu wa mwisho mlangoni. Hakuna anayejipa mwenyewe. Usipopewa, huna. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Zaya.

Aliwapa wazee. Aliwapa wanaume wa mbele. Alivuka upande wa wanawake na kumpa wa kwanza, na amani ikaanza kusafiri, kichwa kimoja kikiinama baada ya kingine, benchi la kwanza, la pili, mpaka ikamfikia Shushan. Shushan aliipokea kutoka mbele. Akagusisha vidole vyake midomoni. Kisha akaishusha mikono yake mapajani na kuiacha hapo.

Asmar alikuwa amegeuka tayari, mikono yake miwili mbele, imefunguka kama mtu anayekinga maji. Alingoja. Kanisa zima liliitikia zaburi na yeye alikuwa bado anangoja. Halafu aliirudisha mikono yake taratibu, mmoja ndani ya mwingine, na waliokuwa nyuma yake hawakupata amani siku ile, kwa sababu ingelazimika kupita kwake.

Zaya alimaliza misa. Hakuna anayejua alivyoimaliza.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikata vitunguu. "Mama," alisema, "hata wewe? Watu wote, lakini wewe?"

"Wamesema mtoto mchanga," Shushan alisema. "Kwenye hilo jarida lako. Mtoto ambaye maziwa ya mama yake yalikauka."

"Ndiyo."

"Tulikuwa wangapi njiani wenye maziwa yaliyokauka, Zaya? Kutoka Be-Gawza?"

Zaya alivuta kiti akaketi.

"Niliamka nikakuta Sinam amelala, mdomo wake una weupe pembeni. Nikamuuliza Asmar, umempa nini? Akasema, unga niliokuwa nimebakiza. Nimeishi na unga huo maisha yangu yote. Nimekula naye, nimeoka naye, nimemwombea kila Jumapili kwa sababu alinipa wa mwisho aliokuwa nao." Kisu kilikuwa kimesimama. "Alimpa Malka. Kitu ambacho hata mashemasi hawakigusi bila kufunga. Alimlisha mwanangu kisichoguswa, na mwanangu akafa. Na sasa nikifumba macho naona hicho tu. Kwamba alikufa kwa sababu ya kile."

"Mama, alikufa kwa kiu na kuhara, kama watoto wote mahemani."

"Unajua wewe? Hukuwepo. Ulizaliwa baada yake. Tulikuzaa badala yake." Akarudia kukata. "Una chanzo?"

Zaya alikwenda kwa Asmar. Hakubisha hodi vizuri, alisimama mlangoni na kuanza kusema maneno ya toba aliyoyapanga njiani. Asmar alimsikiliza kidogo, kisha akamkatiza.

"Nilikwambia mimi na mtu mmoja mwingine."

"Sikujua ni mama yangu."

"Hukuuliza. Uliuliza jina la kijito. Uliuliza kijaluba ni cha shaba au cha bati. Nikasema moyoni, mtoto huyu anaheshimu, anaacha lililofunikwa." Meno yake mazuri hayakuonekana. "Hao wanaosema nimewalisha kitumbua, acha waseme, ni kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa hao. Nilichokificha si Malka, mwanangu. Nilimficha Shushan."

"Nitaifuta, Shangazi."

"Unaweza?"

Aliamini anaweza. Alishuka kwenye kibanda, akawasha jenereta ingawa umeme wa serikali ulikuwepo, akaziondoa zile sentensi mbili. Hazikukaa nje hata muda wa chai. Mhariri mmoja alizirudisha na kumwandikia kwa adabu kwamba kuondoa habari yenye chanzo bila sababu ni uharibifu. Alizitoa tena. Zikarudi. Alieleza kwamba ni yeye aliyeziandika, kwamba mtu ameumia. Walimjibu kwamba wanasikitika, lakini ukurasa si mali ya aliyeuandika. Alikuwa amewaambia wengine maneno hayohayo mara nyingi, akiwa upande wa pili. Alipiga simu kwa Ramina.

"Kaka, hata zikitoka," Ramina alisema, akilia kidogo, "historia ya ukurasa inabaki. Kila toleo linabaki. Na Wajerumani wameshatafsiri. Nisamehe. Nilikusukuma."

"Ulinisukuma nikiwa tayari natembea," Zaya alisema.

Walimzuia kuhariri kwa muda kwa sababu ya ubishi ule. Muda ulipoisha hakurudi. Jina lake bado liko katika orodha ya wachangiaji, na chini ya siku ile hakuna kitu.

Majira yalibadilika. Kijiji, ambacho hukasirika haraka na kuchoka haraka, kilianza kumsalimu Asmar tena. Benchi la tatu lilibaki na nafasi katikati, na amani ilimfikia Asmar kwa kupitia nyuma, kutoka mkono wa mke wa fundi Warda, aliyekuwa wa kwanza kumsema na wa kwanza kuona haya. Siku moja ya theluji Zaya alikuwa akipita na dumu la dizeli begani, akaona viatu viwili nje ya mlango wa Asmar. Vya mpira, vyeusi, kimoja kimeshonwa kisigino kwa uzi wa bluu. Alikishona yeye mwenyewe. Vilikuwa viatu vya mama yake, na theluji ilikuwa imeshavijaza, maana yake alikuwa ndani tangu asubuhi.

Hakuna sauti iliyotoka. Hawakuwa wanagombana wala hawakuwa wanalia. Zaya alisimama na dumu begani mpaka bega likafa ganzi. Hakubisha.

Jioni mama yake alirudi, akakung'uta viatu, akaweka supu mezani.

"Ulikuwa kwa Shangazi Asmar," Zaya alisema.

"Nilikuwa."

"Mmesema nini?"

Shushan alimtazama, na hakukuwa na ukali katika kutazama kule, ndiyo maana kulichoma. "Hilo halikuhusu, mwanangu," alisema. "Kula."

Zaya alianza kuona kitu ambacho labda kilikuwepo tangu mwanzo wa mambo haya. Akiingia mahali, watu walibadilisha mazungumzo. Haikuwa chuki. Walimtengea kiti, walimpa chai, walimuuliza habari za jenereta, na wakazungumza juu ya mvua. Wazee ambao zamani walimsimamisha barabarani wamweleze jina la jiwe fulani, walimpita wakiinua kofia. Mzee mmoja alimwambia waziwazi, kwa upole, akimshika mkono: "Rabi, mimi nina mambo mengi ya kusema. Lakini nina wajukuu wanaosoma." Hata kwenye tanuri la nyumbani kwake, hatua zake zikisikika uani, kicheko kilikatwa kama mkate.

Jumapili iliyofuata Pasaka zamu ya kushuka na amani ilimwangukia tena. Mbele ya benchi la wanawake aliona mabega mawili, yamegusana kama zamani. Alimpa amani mwanamke wa mbele, na akabaki amesimama akiangalia inavyosafiri, akaiona ikipita kutoka mikono ya Shushan kwenda mikono ya Asmar, na Asmar akigusisha vidole midomoni bila haraka. Wakainua macho wote wawili wakamkuta anatazama. Aligeuza uso, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambamo hakuitwa. Wiki ile alimfundisha mpwa wa kasisi kuwasha jenereta na kuizima, akamkabidhi ufunguo.

Ukurasa wa Mar Pithyon bado upo. Sasa una rejea tano, na sentensi zile mbili ziko katika aya ya tatu. Asmar na Shushan huoka pamoja siku za Alhamisi. Zaya Odisho anaishi Ankawa, mjini, katika chumba kilicho juu ya karakana ya mashine za kupoza hewa, na anafanya kazi chini yake. Jumapili huenda kanisani mtaani hapo, bila joho, na husimama nyuma karibu na mlango.